Wingu la Bwana Mfumo

Hospitalini pale, mtu aliyejua nani alilazwa lini, kwa ugonjwa gani, na kama alitoka kwa miguu yake au kwa machela, hakuwa daktari. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, aliyekaa nyuma ya kidirisha cha mbao mwisho wa korido ya chini, mkabala na stoo ya mashuka. Walimwita Mama Faili. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na vyumba vitatu vilivyojaa mafaili mpaka darini, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwambia mgonjwa arudi kesho.

Dharau alikuwa nayo ya kuwatosha watu wote wa jengo lile, na hakuna aliyekosa fungu lake. Madaktari aliwadharau kwa mwandiko ("Huyu ameandika, au kuku kapita?"), wauguzi kwa kurudisha mafaili yenye madoa ya chai, na Mganga Mkuu kwa tabia yake ya kutikisa kichwa kukubali jambo kabla msemaji hajafika mwisho. Lakini fungu kubwa kuliko yote alimtengea wifi yake, mdogo wa mumewe, mwanamke aliyeacha chuo cha ualimu mwaka wa pili akaenda kukaa kwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, kutengeneza simu na kompyuta. "Fundi wa uchochoroni," ndivyo alivyomwita. Miaka tisa walikuwa wakisalimiana misibani na harusini tu, kwa ncha za vidole.

Ndipo hospitali ikaletewa kompyuta, na pamoja na kompyuta akaletwa Bwana Mfumo.

Jina hilo alipewa na wafagizi wiki ya kwanza tu. Alikuwa kijana mtanashati, kitambulisho kinaning'inia kifuani kama nishani ya vita, simu mbili mkononi, na kila ulichomuuliza jibu lake lilianza na neno moja. Ukitaka karatasi za kuchapia, mfumo haujaidhinisha. Ukitaka kujua kwa nini skrini imeganda, mfumo uko chini, unajipanga. Mlango wa ofisi yake ulipokwama siku moja na watu wakagonga, wafagizi walisema sauti ilitoka ndani ikawaambia wasubiri kidogo, mfumo.

Aliwaita wafanyakazi wote kwenye semina. Walikaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa mikutano, mapazia yakafungwa, na ukutani yakaanza kupita maneno. Bwana Mfumo aliyasoma moja moja kwa sauti ya mtu anayewapa watu habari njema: seva, netiweki, databesi, klaudi, bakapu, intafesi. Hakulieleza hata moja. Kila alipovuta pumzi, Mganga Mkuu alitikisa kichwa, na wakuu wa idara waliokaa nyuma yake wakatikisa vya kwao, kama kuku wanaodonoa.

Likapita neno WIFI. Mama Faili akalisoma kama lilivyoandikwa.

"Hospitali nzima itakuwa na hii," Bwana Mfumo alisema, "kila wodi."

"Mimi ninaye mmoja," Mama Faili alisema, "na kanitosha."

Waliokaa karibu wakacheka. Bwana Mfumo hakucheka. Akauliza kama kuna mwenye swali la maana. Mama Faili akasimama.

"Ninalo. Hiyo seva ni kitu gani?"

"Seva ni ile ambayo klaenti zote zinakonekti kupitia netiweki."

"Umeniongezea matatu, na lile la kwanza bado silijui."

"Mama," alisema Bwana Mfumo kwa upole ule wanaotumia watu kumwelekeza kipofu barabarani, "mambo haya ni ya kitaalamu. Wewe utafundishwa kubonyeza. Inatosha."

Safari hii walicheka wote, hata wauguzi wa wodi ya watoto, ambao yeye aliwajua tangu wakiwa wanafunzi wanalia chooni kwa kuogopa damu. Akakaa. Alikuwa amezoea kudharau, si kudharauliwa, na mwili haukujua pa kuweka kitu kile. Masikio yaliwaka moto mpaka jioni.

Nyumbani alimwuliza mumewe, dereva wa basi la shule, mtu asiyependa maneno mengi. "Seva ni nini?"

"Sijui. Muulize dada yangu."

"Nimuulize yeye?"

"Anajua," mumewe alisema, akaendelea kuvua viatu.

Ilimchukua wiki mbili kuumeza mfupa huo. Jumamosi ya tatu alijifunga mtandio, akachukua daftari la mistari, akaenda nyuma ya kituo cha mafuta. Kibanda kilikuwa kidogo kuliko alivyokuwa akikitukana. Ndani kulikuwa na meza moja, taa ya kuinama, vizibo vya chupa vilivyojaa skrubu zilizopangwa kwa ukubwa, na ukutani mashine zilizofunguliwa matumbo, kila moja ina karatasi yenye jina la mwenyewe na kosa lake. Mama Faili aliziangalia zile karatasi muda mrefu. Mwandiko ulikuwa safi.

"Karibu, wifi," mwenye kibanda alisema bila kuinua uso. "Simu imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuuliza. Seva ni nini?"

Wifi yake aliweka bisibisi chini na kumtazama kuanzia mtandio hadi viatu, taratibu. "Miaka tisa hujakanyaga hapa. Leo umekuja kuniuliza seva."

"Kama hujui, sema."

"Kaa," alisema wifi, akasukuma kigoda kwa mguu. "Wewe kazini kwako, daktari akitaka faili, anaingia chumbani kulitafuta mwenyewe?"

"Athubutu."

"Anafanyaje?"

"Anakuja dirishani, anataja namba, mimi naingia, natoa, nampa."

"Na wakija madaktari kumi kwa pamoja?"

"Watapanga foleni."

"Hiyo ndiyo seva. Ni kompyuta iliyokaa mahali na vitu vya watu wote, kazi yake kusubiri kuombwa na kutoa. Hizo nyingine za mawodini ni madaktari dirishani. Na korido wanayopita kuja kwako, waya au hewa, ndiyo netiweki. Kumbe miaka yote hii seva ni wewe, wifi, ila wewe unakunywa chai."

Mama Faili aliandika. Aliandika kwa herufi za kuachana, kama alivyoandika majina ya wagonjwa, kisha akauliza lingine. Wifi alimjibu huku anachomelea. Alimwambia kwamba ndani ya kompyuta kuna meza na kuna kabati. Meza ndiyo wanayoita memori, au ramu: unapofanya kazi unatandaza vitu juu yake, na meza ikiwa kubwa unafanya mengi kwa wakati mmoja, lakini umeme ukizimika, kila kilichokuwa mezani kinafagiliwa. Kabati ndilo diski: polepole kuliko meza, ila ukizima na kuwasha utavikuta vitu vyako. Ndiyo maana wanakuambia uhifadhi. Maana yake utoe mezani ukaweke kabatini. Prosesa ni karani mwenyewe, mikono yake. Databesi ni mafaili yaliyopangwa kwa utaratibu, mtu akitaja namba moja yapatikane yote yanayohusiana nayo.

"Kwa hiyo ni chumba changu tena," Mama Faili alisema.

"Ni chumba chako. Hawajagundua kitu hao. Wamekifanya chepesi tu."

"Na klaudi? Ukutani kulikuwa na picha ya wingu."

Wifi alicheka kwa pua. "Hakuna wingu. Ni kompyuta ya mtu mwingine, iko mahali pengine, wewe unaifikia kwa mtandao. Mtu akikuambia vitu vyako viko kwenye wingu, mwulize ni kompyuta ya nani na iko wapi. Akitazama juu, ujue naye hajui."

Mama Faili alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Walizungumza kwa ukavu uleule, wifi hivi, wifi vile, lakini siku ya nne alikuta amewekewa kiti badala ya kigoda, na siku ya tano alimletea mwenzake mafaili ya kadibodi yaliyokuwa yametupwa, kwa ajili ya zile karatasi za ukutani. Daftari likajaa nusu. Dharau aliyomvika yule mwanamke kwa miaka tisa ikaanza kumpwaya, na kwa kuwa haikuwa desturi yake kuacha kitu kikae bure, aliihamishia yote kwa Bwana Mfumo, ikaungana na ile iliyokuwepo.

Sasa aliweza kumsikiliza, na hapo ndipo aibu yake ya semina ilipogeuka ladha. Akisema kompyuta ya mapokezi ni nzito kwa sababu ina virusi, Mama Faili alijua meza yake ni ndogo tu na programu kumi zimetandazwa. Akisema mtandao umejaa, alijua waya umechomoka, kwa kuwa aliuona mwenyewe umelala sakafuni karibu na ndoo ya mfagizi. Alipomwona anambadilishia daktari wa meno kibodi kwa sababu daktari alisahau neno la siri, ilibidi aingie stoo ya mashuka akae kidogo, kicheko kimwishe.

Miezi minane vibarua wanne walikaa wakiingiza mafaili kwenye mashine, chumba cha kwanza na cha pili. Cha tatu, chenye wagonjwa wa miaka ya karibuni, walikuwa wamekigusa tu mlangoni. Ndipo Mganga Mkuu akaitisha kikao na kutangaza kwamba karatasi zimekwisha kazi. Lori litakuja Jumatatu. Vyumba vitapakwa rangi, viwe ofisi.

"Nina maswali mawili," Mama Faili alisema.

"Yawe mafupi, mama."

"Nakala ya hayo yaliyomo kwenye seva iko wapi?"

"Bakapu ipo," Bwana Mfumo alisema. "Inajifanya yenyewe kila siku. Iko kwenye klaudi."

"Hiyo ni kompyuta ya nani, na iko mji gani?"

Bwana Mfumo akatazama juu. Akalitazama pangaboi la darini kama aliyeitwa nalo. "Klaudi haina mji," alisema hatimaye. "Iko kila mahali. Ni mfumo."

Mganga Mkuu alikuwa ameshatikisa kichwa. "Mama, usiturudishe nyuma. Dunia imeenda kidijitali."

"Dunia imeenda, Daktari. Ninauliza mafaili yanakwenda wapi."

"Kikao kimefungwa," Mganga Mkuu alisema.

Jumatatu lori likaja. Chumba cha kwanza na cha pili vilikwisha kabla ya saa sita mchana. Wapakiaji walivurumisha mafaili kama matofali, kamba zikakatika, karatasi za rangi zikamwagika koridoni na watu wakazikanyaga kwenda maabara. Mama Faili alisimama kando na kuokota chache. Walipofika chumba cha tatu wakakuta kufuli.

"Ufunguo, mama," Bwana Mfumo alisema.

"Kufuli liko chini."

"Liko chini vipi?"

"Linajipanga. Jaribuni tena baadaye."

Dereva wa lori alikuwa na safari nyingine na hakuwa na hamu ya ugomvi wa watu. Wakaondoka. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mama Faili, ndani ya gauni, na ulikaa hapo wiki nzima, na kila aliyeuliza alijibiwa vilevile, mpaka wakaacha kuuliza.

Haukupita mwezi wa pili. Jumanne asubuhi, skrini za wodi zote ziliganda kwa pamoja. Ilipofika mchana kulikuwa na karatasi imebandikwa mapokezi: MFUMO UKO CHINI, TUNAOMBA UVUMILIVU. Jumatano karatasi ilikuwepo. Alhamisi iliongezewa nyingine juu yake, yenye maneno yaleyale kwa herufi kubwa zaidi. Wagonjwa walijazana dirishani kwa Mama Faili kama zamani, naye aliwahudumia waliokuwa chumba cha tatu. Wengine aliwatazama tu.

Ijumaa alifunga dirisha, akapanda ngazi, akaingia chumba cha seva bila kubisha. Palikuwa na joto kama jikoni. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa kwa sababu, alikuja kusikia, kilimpa mtaalamu mafua. Bwana Mfumo alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyokuwa ikitoa mlio mdogo wa kukwaruza. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na mezani kulikuwa na pakiti tatu tupu za biskuti.

"Ichukue ile nakala yako," Mama Faili alisema, "uweke kwenye mashine nzima, watu wafanye kazi. Ndiyo maana ya nakala."

"Iko kwenye klaudi. Inafunguka polepole."

"Nionyeshe."

Labda alikuwa amechoka kubisha, au hakuona mtu mwingine aliyesimama upande wake. Alibonyeza. Wakangoja dakika kadhaa, mashine ikikwaruza. Mwishowe skrini ikaonyesha folda moja, limeandikwa WINGU.

Mama Faili alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa tena.

"Hili folda liko kwenye diski gani?"

"Kwenye seva."

"Seva ipi?"

Bwana Mfumo aligusa mashine iliyokuwa mbele yake. "Hii."

"Umetoa vitu kwenye droo ya juu ya kabati," Mama Faili alisema taratibu, "ukaweka nakala kwenye droo ya chini, kabati lilelile, ukaandika wingu. Na sasa kabati linaungua."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, Bwana Mfumo hakulitaja neno lake. Mama Faili alimtazama akatafuta moyoni lile jambo kali alilokuwa ameliweka tayari tangu siku ya semina, akalikuta lipo, limenolewa. Lakini alipoona yule kijana anakusanya makombo ya biskuti kwa kidole, moja moja, aliona ni kumpa heshima asiyostahili. Akachomoa simu na kumpigia wifi yake, akamweleza.

"Izimeni, msiiwashe tena," wifi alisema upande wa pili. "Mwambie asiguse chochote. Diski inayokufa, kila ukiiwasha unaimalizia. Nakuja."

Mlinzi wa getini alimzuia kwa kuwa hakuwa na kitambulisho. Mama Faili ilibidi ashuke mwenyewe kumtoa. Walipita koridoni pamoja, mmoja na mtandio wake, mwingine na mkoba wa vifaa na kucha nyeusi za kazi, na Mama Faili alimtambulisha kwa kila waliyekutana naye. "Huyu ni wifi yangu. Fundi." Hakuongeza neno.

Wifi aliichomoa diski, akaenda nayo kibandani, akaiunganisha na diski mpya na kuanza kuinakili kidogo kidogo, anaruka sehemu zilizokufa na kuzirudia baadaye. Kazi hiyo ilichukua siku nne. Mama Faili alipita kila alasiri akitoka kazini, anakaa kitini, anahesabu majina yanayotokea. Yalipatikana theluthi mbili, au pungufu kidogo. Yaliyobaki yalikuwa majina bila historia, na mengine hayakuwa hata majina.

Katika kikao kilichofuata Mganga Mkuu alisema hospitali ilipitia changamoto, na akaishukuru timu ya mfumo kwa kuirejesha huduma. Wifi wa Mama Faili alitajwa tu kama "yule binti aliyesaidia". Bwana Mfumo alihamishiwa makao makuu kuwa mshauri wa hospitali nyingine kumi na mbili, akaandaliwa chai ya kumuaga, na kwenye chai hiyo wakuu wa idara walitikisa vichwa kama kawaida. Mama Faili hakuhudhuria. Alikuwa juu ya ngazi ya mbao ndani ya chumba cha tatu, anafunika mafaili kwa plastiki kwa sababu dari ilikuwa imeanza kuvuja.

Wauguzi walianza kumletea maswali. Walikuja mmoja mmoja, wakijifanya wamepita njia. Hakuwasamehe kicheko chao, lakini aliwasomea kutoka daftarini, na yule wa wodi ya watoto alilinakili lote kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, amesimama dirishani.

Wiki ya mwisho ya mwezi akaja mwanamke na binti wa miaka kumi. Binti alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa na miezi kumi na moja, na sasa anachoka akipanda ngazi. Daktari anataka kujua walimfanyia nini hasa. Mama Faili alikumbuka faili lile. Lilikuwa la kijani, nene, chumba cha pili, rafu ya tano. Alimtafuta kwenye mashine. Jina lilikuwepo, na tarehe ya kuzaliwa, basi.

"Wameniambia juu kwamba mfumo uko chini," mama wa mtoto alisema. "Nirudi lini?"

"Usirudi," Mama Faili alisema. "Hakuna kilicho chini. Tumelipoteza. Faili la mwanao lilikuwa hapa nyuma yangu, tukalipakia kwenye lori tukalitupa, kwa sababu wakubwa waliogopa kuuliza maana ya neno moja. Mimi niliuliza, lakini nikashindwa kulizuia."

Mama wa mtoto hakupiga kelele. Aliuliza sasa wafanyeje.

Mama Faili alifungua mlango wa pembeni, kitu ambacho hakuwa amemfanyia mtu kwa miaka ishirini na sita, akawaingiza ndani. Alimpa mtoto kiti chake. Akavuta jalada jipya, akaandika jina juu kwa herufi za kuachana, akachukua kalamu.

"Tuanze na unachokikumbuka," alisema. "Alilazwa mwezi gani, na daktari alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke," mama wa mtoto alisema. "Mrefu. Alikuwa akiandika vibaya sana."

"Basi namjua," Mama Faili alisema. "Amestaafu, lakini namba yake ninayo. Endelea."